Gari la zamani liende Kampala na lirudi: kipi ubadilishe kwanza

Haupiti mwezi bila mtu kunipigia simu na habari ile ile. Mzee amefariki au amestaafu, na nyuma ya nyumba kule Bombo, Mbale au Masaka limelala gari: Peugeot 504, Land Rover Series III, Datsun 120Y, au Beetle ambalo kuku wameligeuza kiota. Mtoto au mjukuu anataka kulirudisha barabarani. Swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: “Kaka, nilitie injini gani ya Toyota?”

Jibu langu huwaudhi wengi. Injini iache kwanza. Gari hilo halikulala kwa sababu injini yake ni mbaya. Chuma cha magari haya ni kigumu. Kilichozeeka ni mpira na waya. Peugeot 404 yenye injini ya lita 1.6 tu ilishinda Safari Rally mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, enzi ambazo mashindano yale yalikuwa ya Afrika Mashariki yote na barabara zilikuwa tope tupu. Haikushinda kwa ubavu wa injini. Ilishinda kwa sababu ilifika.

Kuna sababu nyingine ya kwenda polepole. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza Uganda magari yaliyozidi umri wa miaka 15, kwa hiyo gari la zamani ulilo nalo ndilo ulilo nalo. Ukilikata vibaya, huendi bandarini kununua jingine.

Mwongozo huu umepangwa kwa umuhimu: kusimama kwanza, kisha kutoungua, kisha kuona na kuonekana, halafu kutokwama njiani. Mbio hazimo.

Uwe na vitu hivi kabla hujashika spana

- Kitabu cha ufundi cha gari lako, hata nakala iliyochapishwa kutoka intaneti. Vipimo vyote utavitoa humo, si kwa jirani.
- Jeki na stendi mbili imara. Matofali si stendi. Tofali hupasuka ghafla, na chini yake uko wewe.
- Spana zinazolingana na gari. Za Mfaransa, Mjerumani na Mjapani ni za milimita; Land Rover na Morris nyingi ni za inchi. Spana ya 13 hukaa kwenye nati ya nusu inchi kama inaingia vile, halafu inakula kona zote.
- Mita ya umeme, ya kupima voliti na ampea. Ile ya bei ndogo inatosha.
- Chupa ya kioo na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kwa kazi ya kutoa hewa kwenye breki.
- Brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, vitambaa vingi.
- Kizima moto cha unga mkavu, kilo 1 au 2. Hiki nunua leo, kabla ya kitu kingine chochote katika orodha hii.
- Daftari na kalamu. Kila unachofungua kiandike, kila waya upige picha kabla hujauchomoa.
- Mtu wa kukukanyagia breki. Mpwa wa miaka kumi na miwili anafaa sana, mradi awe anasikia anapoambiwa “shikilia!”

Spea utazitafuta Kisekka, soko la spea la Kampala, kama kila mtu. Nenda na ile ya zamani mkononi, usiende na jina la gari peke yake. Na ujue kwamba boksi jipya si ushahidi wa kitu kipya: mpira uliokaa dukani miaka kumi na tano umezeeka ndani ya boksi lake. Ukunje. Ukiona nyufa ndogo ndogo, urudishe. Kazi za kuchonga na kukereza zipeleke Katwe; kule kuna mafundi wanaoweza kukutengenezea kipande ambacho kiwanda chenyewe kimeshakisahau.

Hatua ya 1: Litoboe kabla hujalipenda

Ingia chini ya gari na bisibisi ya bapa. Gonga na uchome chesisi, sakafu chini ya zulia, sehemu za kuwekea jeki, na mahali springi zinaposhikwa. Bisibisi ikizama, pesa yako ya kwanza ni ya mchomeleaji, si ya rangi. Wenye Land Rover hudanganyika sana hapa: bodi ni aluminiamu na inang'aa tu miaka yote, kumbe chesisi ya chuma chini yake imekuwa kama mkate mkavu. Kabla ya kuchomelea, chomoa waya zote mbili za betri.

Usinunue spea yoyote kabla ya kumaliza hatua hii. Nimeshamwona mtu ana viti vipya vya ngozi ndani ya gari lisilo na sakafu.

Hatua ya 2: Matairi

Tafuta ubavuni mwa tairi herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka kumi litupe hata kama meno yake ni mapya. Lililopita sita litazame kila mwezi. Tarakimu zikiwa tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya 2000, na usilisogeze hata hadi kituo cha petroli.

Weka radiali, yaani tairi za kisasa, pande zote nne. Kuchanganya radiali na yale ya zamani yenye nyuzi za kukingamana kwenye ekseli moja hulifanya gari liyumbe kama mlevi unapokata kona. Na spea ya kwenye buti nayo ni tairi, usiisahau.

Hatua ya 3: Breki, na hapa usiwe na haraka

Kama una pesa za kazi moja tu, iwe hii.

Anza na paipu za mpira zinazokwenda kwenye magurudumu. Badilisha zote kwa mkupuo, hata zile zinazoonekana nzima. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani huku nje uko laini kama mpya. Ukikanyaga, nguvu ya mguu wako inasukuma mafuta yapite. Ukiachia, hayana nguvu ya kurudi. Gurudumu linabaki limeshikwa. Mimi niliendesha 504 yangu kutoka Lugazi hadi Jinja gurudumu la kushoto likinuka kama nywele zinazoungua, nikafika nikabadilisha pedi. Wiki iliyofuata, harufu ile ile. Nikabadilisha pedi tena. Fundi mmoja mzee ndiye aliyenicheka, akakata paipu kwa kisu na kunionyesha: tundu lilikuwa limebaki la kupitisha sindano.

Kisha paipu za chuma. Zenye kutu ya kumomonyoka zitoe zote. Weka za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Hazishiki kutu na hukunjwa kwa mkono. Shaba tupu usiikubali, huchoka kwa mtetemo ikapasuka.

Sasa masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1970 yana mfumo mmoja tu: paipu moja ikipasuka, pedali inakwenda hadi sakafuni na magurudumu yote manne hayana breki. Mfumo wa sehemu mbili hukubakishia nusu. Beetle za mwisho wa miaka ya 1960 kuendelea zinayo, na masta silinda yake inaweza kufungwa kwenye zile za kabla yake ukibadilisha chombo cha mafuta na paipu chache. Land Rover za mwisho mwisho nazo zina ya sehemu mbili inayoweza kuhamishiwa kwenye za zamani pamoja na boksi la pedali. Kati ya mabadiliko yote yaliyomo humu, ningekuwa wewe hili ningelifanya hata kwa kukopa.

Mafuta ya breki: DOT 4, kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa leo. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani. Yakiwa makavu huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Yakishanywa maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Ukitelemka Kapchorwa kuja Mbale, tofauti hiyo ndiyo pedali kuwa ngumu au kuwa laini kama ndizi mbivu. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili. DOT 5 ya silikoni usiichanganye nayo kamwe.

Kutoa hewa:

a) Rekebisha kwanza shuu (viatu vya breki) za nyuma mpaka zikwaruze kidogo, kisha legeza hatua moja au mbili. Wengi huruka hili, halafu wanatafuta hewa isiyokuwapo.
b) Weka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Masta silinda ya zamani ina kutu mwishoni, sehemu ambayo pistoni haijawahi kufika. Mpwa akikanyaga mpaka chini, mipira ya ndani inachanika kwenye kutu ile.
c) Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari la usukani wa kulia huwa ni la nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kitabu kikisema vingine, fuata kitabu.
d) Mpwa anakanyaga na kushikilia, wewe unafungua, mafuta yanaingia kwenye chupa, unafunga, ndipo anaachia.
e) Ongeza mafuta kila baada ya kukanyaga mara tano au sita. Chombo kikikauka, umerudi mwanzo.

Tahadhari: vumbi la shuu za zamani lina asbestosi. Usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lowesha kwa maji na ufute.

Hatua ya 4: Usukani

Inua mbele, weka stendi, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Kisha shika kushoto na kulia. Likicheza juu-chini ni beringi, kingi pini au boljointi. Likicheza kushoto-kulia ni tairodi. Badilisha kilichochoka, paka grisi kila chuchu ya grisi utakayoiona, kisha peleka gari likapangwe magurudumu. Usikaze boksi la usukani ili kuondoa mchezo kabla ya kumaliza haya. Utaliharibu boksi na ugonjwa ubaki palepale.

Shokapu nazo zibadilishe mbili mbili.

Hatua ya 5: Petroli isikuunguze

Magari ya zamani huungua kuliko watu wanavyodhani, na karibu mara zote ni kipande cha mpira chenye urefu wa kiganja. Ng'oa kila paipu ya mpira inayopitisha petroli, tangu tangi hadi kabureta, utie mpya iliyotengenezewa petroli, na kila mwisho ufunge kwa klipu. Waya wa kufungia maua si klipu. Mpira wa maji wa bustani nao si paipu ya petroli; huyeyuka taratibu na uchafu wake unaishia kwenye kabureta.

Wenye Beetle wasikilize zaidi. Watu hupenda kuning'iniza filta ya plastiki kwenye chumba cha injini, juu ya distributa, chombo kinachogawa cheche kwenye plagi. Uzito wake na mtetemo huchomoa paipu, petroli inamwagikia kwenye cheche, na injini iko nyuma ya mgongo wa abiria wako. Hamishia filta chini karibu na giaboksi, nje ya chumba cha injini. Angalia pia kile kipaipu cha shaba kinachoingia kwenye kabureta: kikizunguka kwa vidole, kimelegea, kipeleke kikakazwe.

Kizima moto kifunge mbele ya kiti ambapo mkono wako unafika ukiwa umekaa. Kilichofungiwa kwenye buti ni cha kumwonyesha afande tu.

Kuhusu petroli isiyo na risasi, swali linalorudi kila wiki: risasi iliondoka kwenye petroli ya nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo gari lako limeshaizoea au limeshaumia. Injini zenye kichwa cha aluminiamu, kama za Peugeot na VW, zina viti vya valvu vya chuma kigumu vilivyopachikwa tangu kiwandani. Wenye vichwa vya chuma cha kuyeyusha, kama Land Rover ya petroli, wapime nafasi ya valvu mara kwa mara. Ikizidi kupungua kila ukipima, viti vinazama. Siku ya kufungua kichwa, vitie vigumu. Hakuna haja ya kukifungua leo kwa ajili hiyo peke yake.

Hatua ya 6: Umeme na taa

Kwanza jua betri yako imeungwaje. Land Rover na Morris nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zimeunga upande wa chanya kwenye bodi, kinyume cha leo. Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za voliti 6. Ukifunga kifaa cha kisasa bila kuangalia, kitakufa kabla hujafunga boneti.

Kisha athi, njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Waya mnene wa betri kwenda kwenye bodi, na ule wa bodi kwenda kwenye injini: fungua, sugua mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, kaza. Nusu ya “magonjwa ya umeme” ninayoletewa yanaishia hapa, na hulipwi chochote kwa kumwambia mtu asugue waya.

Fyuzi. Land Rover za Series za mwanzo zilitoka kiwandani na fyuzi mbili tu kwa gari zima. Ongeza boksi dogo la fyuzi, kila kazi na yake. Weka pia swichi ya kukatia betri: ukilaza gari, kata, ukiona moshi, kata. Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara kwenye fyuzi iliyoungua ni namna ya kuchagua waya upi uungue badala yake.

Taa kubwa zinahitaji rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Katika gari la zamani umeme wote wa taa hupita kwenye swichi ya dashibodi na waya mwembamba wa miaka hamsini. Pima kwenye betri taa zikiwa zimewashwa, kisha pima kwenye soketi ya taa. Ukikosa zaidi ya nusu voliti, mwanga wako unapotelea njiani: voliti ikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa asilimia 30 hivi. Fanya hivi:

a) Nunua rilei mbili za miguu minne, moja ya taa za chini na moja ya taa za juu.
b) Mguu wa 30 utoke kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 15, waya wa milimita mraba 2.5.
c) Mguu wa 87 uende kwenye taa, waya wa unene huo huo.
d) Mguu wa 86 upokee waya wa zamani uliokuwa unakwenda kwenye taa.
e) Mguu wa 85 uende kwenye athi iliyosuguliwa.

Swichi ya mzee sasa inaamrisha rilei tu, haibebi mzigo. Baada ya hapo, taa za duara za inchi 7 unaweza kuzibadilisha kwa zile zinazopokea balbu ya H4 ya wati 60/55. Hakikisha vioo ni vya nchi zinazoendesha kushoto: ukiimulika ukutani, mwanga wa chini uinuke kwa upande wa kushoto. Ukiinuka kulia, umenunua za Ulaya bara na utampofusha kila anayekuja mbele yako. Na balbu za LED zinazouzwa barabarani usizitie kwenye kikombe kilichotengenezewa halojeni. Hutawanya mwanga ovyo, weupe mwingi na huoni mbali.

Kuonekana ni sehemu ya pili. Tela za miwa za Kakira na Lugazi zinatembea usiku, nyingine bila taa hata moja, na nyuma yako kuna lori linaloamini barabara ni yake. Taa za nyuma za miaka ya 1960 ni ndogo kama kifungo cha shati. Ongeza taa ya tatu ya breki kwenye kioo cha nyuma, indiketa zinazowaka zote nne kwa pamoja, na vibandiko vya kuakisi mwanga kwenye bampa. Raba za waipa badilisha kabla ya mvua za Machi.

Hatua ya 7: Mikanda

Mikanda ya pointi tatu kwa walio mbele, na nyuma pia kama bodi inaruhusu. Magari mengi tangu miaka ya 1960 yana matundu yenye uzi wa bolti yaliyozibwa kwa plastiki au kufunikwa na kitambaa: papasa nguzo ya mlango, sakafu na kando ya handaki la giaboksi. Bolti yake ya kawaida ni ya 7/16 UNF. Bolti ya milimita “inayoingia kwa nguvu” usiikubali.

Pasipo na matundu, mwambie mchomeleaji apachike bamba nene la chuma nyuma ya bati, kwenye chuma kizima. Mkanda uliofungwa kwenye bati jembamba na washa ndogo utang'oka na kipande cha sakafu. Wala usinunue mikanda iliyotolewa kwenye gari la ajali. Imeshanyooshwa mara moja na hiyo ndiyo kazi yake yote.

Hatua ya 8: Joto

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi. Gari likichemsha, jambo la kwanza wengi wanalofanya ni kung'oa themostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata joto, na kuitupa. Fundi mmoja alinifanyia hivyo bila kuniuliza. Katika injini kadhaa, bila themostati maji hupitia njia ya mkato na kurudi kwenye injini pasipo kupita rejeta, kwa hiyo mjini gari linachemsha zaidi. Na kwenye barabara kuu injini inabaki baridi, inakula petroli na silinda zinachakaa. Irudishe. Ya nyuzi 82 hufaa injini nyingi, kitabu kitakwambia.

Ugonjwa wenyewe ni rejeta iliyoziba kwa maji ya bwawani. Ipeleke ikafunguliwe, isafishwe kwa fimbo au iwekwe kiini kipya. Badilisha paipu zote za maji na fenibelti. Tia kulanti iliyochanganywa na maji safi, si maji ya jerikeni tu.

Mfuniko wa rejeta ni kitu kidogo kinachodharauliwa. Kampala iko mita kama 1,200 juu ya bahari. Maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, karibu mita 2,000, ni 93. Shinikizo la mfuniko ndilo linaloyazuia yasichemke. Springi yake ikichoka, gari zima la Kampala linaanza kuchemsha Kabale na wewe unalaumu mlima. Nunua wa shinikizo lililoandikwa kwenye kitabu, usizidishe. Rejeta ya zamani itapasuka.

Feni ya umeme ya ziada inafaa kwa anayekaa kwenye foleni za Kampala kila siku. Anayeishi Soroti na kwenda mjini mara moja kwa mwezi haihitaji.

Beetle halina rejeta, lakini lina mabati yanayoelekeza upepo kwenye silinda. Mabati hayo yasipungue hata moja. Gari lililolala, fungua uangalie ndani: panya hupenda sana kujenga mle.

Hatua ya 9: Cheche na chaji

Moduli ya elektroniki badala ya pointi, ile swichi ndogo ya distributa inayokata umeme ili cheche itoke, ni badiliko zuri la pesa kidogo. Huingia ndani ya distributa ile ile na gari huwaka asubuhi bila maneno. Ila ikifa, imekufa; huwezi kuisugua kwa karatasi ya msasa katikati ya msitu wa Mabira. Kwa hiyo pointi za zamani na kondensa yake vikae kwenye sanduku la dashibodi, pamoja na bisibisi. Usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imezimwa. Moduli na koili huungua.

Dainamo ibadilishe iwe alteneta kama umeongeza taa na feni. Gari likiwa linanguruma, betri isome kati ya voliti 13.8 na 14.4. Kama hukuongeza kitu na huendeshi usiku, dainamo nzima iache ifanye kazi yake.

Hatua ya 10: Sanduku la njiani

Fenibelti, paipu moja ya maji, fyuzi, balbu, pointi, plagi moja, mita moja ya paipu ya petroli na klipu nne, lita moja ya oili, maji lita tano, tochi ya kichwani, pembetatu mbili za kuakisi. Peleka gari umbali wa kilomita ishirini kwanza, siku ya kwanza, mchana, na mtu nyumbani mwenye gari jingine na kamba. Safari ya Fort Portal isiwe ya majaribio.

Likikusumbua

*Pedali laini baada ya kubadilisha breki.* Shuu za nyuma hazijakaribishwa. Kama zimekaribishwa, rudia kutoa hewa. Ikiinuka ukikanyaga mara mbili kisha inazama polepole, masta silinda inapitisha kwa ndani.

*Linavuta upande ukifunga breki.* Pima upepo wa matairi kwanza. Kisha tafuta oili au mafuta ya breki kwenye shuu za upande usiovuta; upande unaovuta ndio unaofanya kazi. Kama linavuta hata ukiwa umeachia, paipu ya mpira.

*Linazima kwenye foleni, likipoa linawaka.* Hapo hapo, kabla halijapoa, toa plagi moja uangalie cheche. Hakuna cheche: koili, kondensa au moduli. Cheche ipo: petroli imegeuka mvuke, sogeza paipu mbali na bomba la moshi. Kupoza pampu kwa kitambaa cha maji kutakufikisha nyumbani.

*Linachemsha.* Kwenye foleni tu: feni au belti. Kwenye barabara kuu tu: rejeta imeziba, au cheche zimechelewa. Kote kote: angalia kama oili imekuwa kama chai ya maziwa, ikiwa hivyo, gasketi ya kichwa imekwenda, lizime na liburutwe.

*Indiketa ukiiwasha, taa za nyuma nazo zinapepesa.* Athi ya taa ya nyuma. Sugua.

*Usukani unatetemeka ukifika 70 au 80.* Balansi ya magurudumu, kisha rudi hatua ya 4.

*Betri asubuhi imekufa.* Zima kila kitu, chomoa waya wa hasi, weka mita ya ampea kati ya waya na betri. Gari la zamani lisilo na saa wala redio lisome sifuri au karibu yake. Kukiwa na zaidi ya miliampea 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Mwizi yuko kwenye fyuzi hiyo. Fyuzi zote zikitoka na namba bado ipo, chomoa alteneta.